Pac-12 Imejengwa kwa Fedha za Umma, na Umma Haukuulizwa

Julai 1, 2026 ndiyo siku iliyoandikwa kwenye mikataba. Kuanzia siku hiyo ligi ya michezo ya vyuo iitwayo Pac-12, ya magharibi mwa Marekani, inahesabiwa kuwa na wanachama tisa, baada ya miaka miwili ya kubaki na wawili tu. Wanane kati yao ni vyuo vikuu vya umma: Oregon State, Washington State, Boise State, Fresno State, San Diego State, Colorado State, Utah State na Texas State. Wa tisa, Gonzaga, ni chuo cha Wajesuiti ambacho hakichezi futiboli ya Kimarekani. Hakuna bunge la jimbo lililotunga sheria ya kuiunda ligi hii. Waliokaa vikaoni ni marais wa vyuo, mawakili na washauri wa haki za matangazo. Mamilioni ya dola waliyoyatumia, ukiyafuata hadi yanakotoka, yanakufikisha kwenye taasisi ambazo ardhi yake, majengo yake na madeni yake ni ya wananchi.

Kwa hiyo nikisikia watu wakibishana kama ni halali serikali ya jimbo kugharimia ligi mpya ya vyuo, naona wamechelewa. Fedha za umma zimeshaingia, na kinachokosekana ni idhini: hakuna mwananchi aliyeombwa, hakuna mjumbe wa bunge aliyelazimika kusimama na kusema anaunga mkono au anapinga. Nashikilia kwamba kama umma utalipa, ulipe waziwazi, kwa masharti yaliyoandikwa, na upate kitu unachoweza kukishika. Kulipa kwa mlango wa nyuma ndiko kulikovifikisha vyuo hivi vilipo.

Msomaji wa Eldoret au Arusha ana sababu yake ya kulifuatilia jambo hili. Aprili 8, 1978, Henry Rono, kijana wa Nandi aliyekuwa akisoma Washington State katika mji mdogo wa Pullman, alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 8.4 mjini Berkeley, California. Ilikuwa rekodi ya dunia, na aliiweka katika mashindano ya kawaida ya vyuo, kwenye mji wa chuo cha ligi moja na chake. Mei 13 akavunja rekodi ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Seattle, yaliko makao ya mwanachama mwingine wa ligi hiyo hiyo. Juni akaivunja ya mita 10,000 mjini Vienna, kisha ya mita 3,000 mjini Oslo. Rekodi nne ndani ya siku 81, na mbili za mwanzo aliziweka kwa safari za kawaida za msimu wa chuo. Kabla yake Pullman ilikuwa imempokea Samson Kimobwa, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977. Baadaye wakaja Julius Korir, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1984, na Bernard Lagat. Mtanzania Suleiman Nyambui, mshindi wa medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980, alisomea University of Texas at El Paso, chuo ambacho nacho kimebebwa na wimbi hili: mwaka 2026 kinahamia ligi ya Mountain West ili kuziba nafasi za waliokimbilia Pac-12. Hakuna aliyewaletea vijana hao wa Afrika Mashariki mkataba wa televisheni. Walipata ufadhili wa masomo kwa sababu vyuo vya umma vya Marekani viliamua kwamba riadha ni sehemu ya shughuli zao, na ligi ya majirani iliwapa mashindano ya karibu na ya gharama ndogo.

Kabla ya kuingia kwenye hesabu, ni vizuri tuelewane ligi ya vyuo ya Marekani ni kitu gani. Hakuna shirikisho la taifa linaloipangia vyuo vyake. Ichukulie kama SACCOS: wanachama wanajiunga kwa hiari, wanaweka mali yao pamoja, hasa haki za kutangaza mechi zao, halafu wanagawana mapato kwa kanuni walizojiwekea. Kila mwanachama ana kura bodini kupitia rais wa chuo chake. Anayetaka kuondoka anatoa notisi na kulipa alichokubali kulipa. Kisheria ligi ni shirika binafsi lisilo la faida. Ndiyo maana rais wa chuo cha umma, ambaye hawezi kujenga bweni bila idhini ya bodi yake, anaweza kuketi na wenzake na kuamua hatima ya haki zenye thamani ya mamia ya mamilioni ya dola, na uamuzi huo usisomeke popote kama matumizi ya serikali.

Pac-12 inahesabu umri wake kuanzia Desemba 1915, vyuo vinne vilipokutana katika hoteli moja mjini Portland, Oregon: California, Washington, Oregon na kile kinachoitwa leo Oregon State. Vyote vinne vya umma. Washington State kikaingia mwaka 1917. Kwa karibu karne nzima hesabu ilikuwa nyepesi, maana vyuo vilikuwa majirani, na timu ya kuogelea au ya riadha iliweza kusafiri bila kumfilisi mtu.

Mambo yalibadilika mwaka 2011. Ligi, chini ya kamishna Larry Scott, ilitia saini mkataba wa miaka 12 na ESPN na Fox wenye thamani ya karibu dola bilioni 3, kisha mwaka 2012 ikaanzisha mtandao wake yenyewe wa televisheni, ikiumiliki kwa asilimia 100. Vyuo vilianza kutumia fedha ambazo bado hazijafika. Washington State ndicho kielelezo ninachokijua vizuri. Kilikarabati upande wa kusini wa uwanja wake, kazi iliyokamilika mwaka 2012, kisha mwaka 2014 kikafungua jengo la wachezaji wa futiboli. Miradi hiyo miwili iligharimu zaidi ya dola milioni 120, na sehemu kubwa ilikuwa mkopo uliotarajiwa kulipwa na mapato ya televisheni. Mtandao wa ligi haukuwahi kupata nafasi DirecTV, kampuni kubwa ya satelaiti, na gawio likaja pungufu. Idara ya michezo ikaingia kwenye nakisi mwaka baada ya mwaka, na aliyeibeba ni chuo chenyewe. Hapo fedha za umma zilikwisha kuingia mchezoni, miaka kumi kabla ya yeyote kutamka maneno "ligi mpya". Mkopo wa chuo cha umma ni deni la umma hata kama marejesho yake yameandikwa kwamba yatatoka kwenye matangazo.

Juni 30, 2022, vyuo viwili vya Pac-12, USC na UCLA, vikatangaza kuhamia Big Ten, ligi yenye mizizi katikati ya nchi. Wiki chache baadaye Big Ten ikatia saini mikataba ya matangazo ya miaka saba inayozidi dola bilioni 7. Mwaka uliofuata kamishna George Kliavkoff aliwapelekea wanachama waliobaki ofa ya Apple, iliyokadiriwa kuanzia karibu dola milioni 23 kwa chuo kwa mwaka na kupanda kulingana na idadi ya watakaojiandikisha kutazama. Colorado kilikuwa kimeshaondoka Julai. Agosti 4, 2023, kwa siku moja, Oregon na Washington vikaenda Big Ten, na Arizona, Arizona State na Utah vikaenda Big 12, ligi nyingine. Septemba 1 Stanford na California vikajiunga na ACC, ligi ya pwani ya Atlantiki. Wakabaki Oregon State na Washington State, vyuo viwili vilivyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 1862 iliyotenga ardhi ya serikali kuu kwa ajili ya elimu ya watoto wa wakulima na mafundi.

Naomba tukae kidogo kwenye kesi iliyofuata, kwa sababu ndiyo inayoonyesha mali hii ni ya nani. Ilisikilizwa Colfax, makao ya kaunti ya Whitman, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya ngano, mwendo mfupi kwa gari kaskazini ya Pullman. Swali lilikuwa la kikatiba, la katiba ya ligi: chuo kilichotoa notisi ya kuondoka kabla ya Agosti 1, 2024 kinabaki na kura bodini au kinaipoteza? Kama vyuo kumi vinavyoondoka vina kura, vinaweza kuivunja ligi na kugawana mfuko wake wote kabla ya kufunga mlango. Kama havina, wawili waliobaki ndio bodi. Walalamikaji, yaani wawili hao waliobaki, walikuwa na ushahidi mzuri: USC, UCLA na Colorado vilipotangaza kuondoka, wawakilishi wao waliondolewa vikaoni, na wale waliokuja kuondoka baadaye hawakulalamika. Novemba 14, 2023 jaji Gary Libey aliwapa ushindi wa awali Oregon State na Washington State. Mwezi uliofuata Mahakama ya Juu ya jimbo ilikataa kuupitia uamuzi huo, na siku chache baadaye pande zote zikapatana. Kila chuo kilichoondoka kikaacha dola milioni 6.5, jumla dola milioni 65, na mali na madeni ya ligi yakabaki mikononi mwa wawili.

Sasa tazama nani alikuwa akipigana na nani. Aliyeingia kortini kuwapinga walalamikaji kwa niaba ya wanaoondoka ni University of Washington, chuo cha jimbo lile lile la Washington State. Chuo cha umma kiliajiri mawakili kukabiliana na chuo cha umma, mbele ya jaji wa umma, kuhusu mfuko uliochumwa pia na wale kumi walioondoka, wanane kati yao vyuo vya umma. Bunge la jimbo mjini Olympia, linalovigharimia vyote viwili, lilikuwa mtazamaji. Naona jambo hilo kuwa fedheha ya utawala, na sielewi kwa nini halikuzusha kelele kubwa zaidi.

Mfuko ule ndio mtaji wa ligi mpya. Kwa msimu wa 2024 wawili hao walilipa Mountain West dola milioni 14 ili wapate wapinzani wa kucheza nao, na katika mkataba huo Mountain West ikaweka kipengele cha kujilinda: Pac-12 ikimchukua mwanachama wake mmoja italipa dola milioni 10, na kiwango kinapanda kwa nusu milioni kwa kila anayefuata. Septemba 2024 Pac-12 ikawachukua watano: Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State na Utah State. Jumla ya faini ni dola milioni 55. Juu ya hiyo kila anayeondoka anadaiwa ada ya kujitoa ya mamilioni mengine. Pac-12 ikafungua kesi katika mahakama ya shirikisho, California, ikidai kuwa faini hizo zinaua ushindani. Colorado State na Utah State nao wakaishitaki Mountain West kuhusu ada zao, na Boise State kikaungana nao. Mwisho wa Septemba 2025 jaji alikataa kuitupilia mbali kesi ya faini.

Wanachama kamili wa Mountain West walikuwa nani wakati huo? Vyuo vya umma, vyote. Mmoja wao, Air Force, ni chuo cha kijeshi cha serikali kuu. Basi mduara ndio huu: fedha zilizochumwa na vyuo vya umma vya Oregon, Arizona, Utah na kwingineko zilibaki Pac-12, Pac-12 inazitumia kuvishawishi vyuo vya umma vya Idaho, Colorado na California, na zinazodaiwa kuwa faini zinapaswa kwenda kwa vyuo vya umma vya Nevada, Wyoming na New Mexico. Hakuna thamani mpya inayozaliwa katika mzunguko huo. Maabara hazijengwi na walimu hawaajiriwi, na hata kiti kimoja hakiongezeki uwanjani. Kinachomegwa njiani ni malipo ya mawakili na washauri.

Watetezi wa mpango huu wana jibu, na wanastahili kusikilizwa. Wanasema fedha hizi si za kodi. Ni mapato ya matangazo, ya mechi za mwisho wa msimu, na mgawo wa mashindano ya kikapu ya NCAA (chama cha taifa cha michezo ya vyuo), yaliyochumwa na timu zenyewe. Kisha wanaongeza kuwa bila ligi ya maana miji ya Pullman na Corvallis (makao ya Oregon State), inayoishi kwa kutegemea vyuo vyake, ingepoteza zaidi.

Nusu ya kwanza ya jibu hilo siikubali. Timu ya chuo cha umma haina mtaji wake peke yake. Inacheza kwenye uwanja uliojengwa kwa hati za mkopo za chuo, kwenye ardhi ya jimbo, kwa jina ambalo jimbo limelilea zaidi ya miaka mia. Ikipata, mapato yanaitwa ya michezo. Ikipoteza, hasara inahamishiwa kwenye mfuko mkuu wa chuo. Huwezi kuita faida yako binafsi na hasara ya wote.

Nusu ya pili ina ukweli ndani yake, na ndiyo inayonizuia kusema kwa urahisi kwamba umma usitoe hata senti. Wachumi wamekuwa wakionyesha kwa miaka mingi kuwa ruzuku za viwanja haziletei miji ukuaji unaoahidiwa. Lakini mji wa vijijini wenye chuo kimoja kikubwa si sawa na jiji lenye timu ya kulipwa inayotishia kuhama. Chuo hakihami. Kinachohama ni wanafunzi waliokuwa wakikichagua, wahitimu waliokuwa wakirudi kila msimu, na wafadhili wao. Na kuna michezo ya wanawake, ambayo tangu sheria ya Title IX ya mwaka 1972 ni haki ya kisheria na inategemea kwa kiasi kikubwa fedha za futiboli. Ukiiacha ligi ife kabisa, mzigo unawaangukia wanamichezo hao wa kike kwanza.

Tatizo langu liko kwenye njia ambazo fedha hizo zinapitia. Ada ya wanafunzi ndiyo njia iliyofichika kuliko zote. Texas State, cha San Marcos, ndicho mwanachama wa nane wa futiboli, yule aliyeiwezesha Pac-12 kutimiza idadi ndogo kabisa inayotakiwa na NCAA kwa daraja la juu. Kilijiunga Juni 30, 2025, siku ya mwisho kabla ya ada ya kujitoa katika ligi yake ya awali, Sun Belt, dola milioni 5, kupanda. Chuo hicho kilifika daraja hilo la futiboli kwa mgongo wa wanafunzi: mwaka 2008 walipiga kura, na walio wengi wakakubali ada ya michezo ipande hatua kwa hatua hadi dola 20 kwa kila krediti. Mwenye krediti 15 kwa muhula anachangia dola 300. Nawaheshimu vijana wale kwa sababu angalau waliulizwa. Lakini waliopiga kura mwaka 2008 walihitimu zamani. Aliyeingia chuoni mwaka 2025 amekuta uamuzi wa watu asiowajua, wa kuingia ligi nyingine kabisa, na sasa timu zake zitasafiri karibu kilomita 2,500 kufika Pullman. Ridhaa ya aina hiyo ingepaswa kuwa na tarehe ya kwisha.

Njia ya pili ni michezo ya kubahatisha. Oregon ilitangulia: mwaka 1989 ilianzisha Sports Action, mchezo wa bahati nasibu ya jimbo uliohusu matokeo ya futiboli ya kulipwa, na mapato yakasaidia michezo ya vyuo vya umma. Ulifungwa mwaka 2007. Siku hizi majimbo mengine yamerudi huko kwa kishindo. North Carolina, katika sheria yake ya kamari ya michezo ya mwaka 2023, ilizitengea idara za michezo za vyuo kadhaa vya umma sehemu ya kodi. Louisiana mwaka 2025 ilipandisha kodi ya kamari ya mtandaoni kutoka asilimia 15 hadi 21.5 na kuelekeza robo ya mapato kwa michezo ya vyuo vya umma vya daraja la kwanza. Wakenya wanaujua mtindo huu tangu mwaka 2018, mfuko wa michezo na sanaa ulipoanza kulishwa na kodi za kamari. Una wema mmoja mkubwa, kwamba umepita bungeni na unasomeka. Una ubaya wake pia: idara ya michezo inayoishi kwa kamari ina kila sababu ya kutaka vijana wacheze kamari, na vijana hao ndio wanafunzi wake.

California ilifanya jambo ambalo naliona kuwa la kistaarabu kuliko mengine yote niliyoyataja. UCLA na chuo cha California kilichoko Berkeley viko chini ya bodi moja, ya Regents. UCLA ilipotaka kwenda Big Ten, bodi iliidhinisha mwezi Desemba 2022 kwa sharti kwamba chuo kinachoneemeka kimlipe ndugu yake anayeumia. Mwezi Mei 2024 kiwango kikawekwa: dola milioni 10 kwa mwaka. Unaweza kubishana kuhusu kiasi. Huwezi kubishana kwamba kikao kilifanyika hadharani, kwamba aliyefaidika alijulikana na aliyeumia alijulikana, na kwamba mali ilitambuliwa kuwa ya jimbo zima. Linganisha na Oregon na Washington, ambako kila chuo kikubwa kina bodi yake na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuwaweka ndugu wawili meza moja kabla mmoja hajaondoka.

Virginia nayo ina somo. Sheria yake ya mwaka 2015 iliweka ukomo wa kiasi ambacho bajeti ya michezo inaweza kutegemea ada za wanafunzi na fedha za chuo: asilimia 20 kwa vyuo vya ligi kubwa, 55 kwa vingine vinavyocheza futiboli ya daraja la juu, na zaidi ya hapo kwa madaraja ya chini. Chuo kinachopanda ligi kinajua mapema dari liko wapi. Kama Idaho, Colorado, Utah na Texas zingekuwa na dari la namna hiyo mwaka 2024, mazungumzo ya Pac-12 yangeanza kwa kuulizana nani analipa, kabla ya kuulizana nani anataka kuja.

Na fedha hizo zinanunua nini? Tangu Juni 6, 2025, jaji Claudia Wilken alipoidhinisha mapatano ya kesi ya wachezaji iitwayo House, vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Hakuna mwanachama wa Pac-12 mpya anayelazimika kufika huko, lakini kila mmoja anavutwa. Mwezi huo huo Washington State kilitangaza kufuta mashindano ya kurusha na kuruka katika riadha yake, kupunguza mbio fupi na za viunzi, na kubaki na mbio ndefu kama nguzo. Urithi wa Rono umeponea hapo, kwa maana ya kwamba mkimbiaji wa masafa bado anaweza kupata ufadhili Pullman. Mrusha tufe hawezi. Chuo kilichokuwa na timu kamili ya riadha wakati hakuna fedha za televisheni kimeikata katikati wakati ligi yake inadaiwa milioni 55 za faini.

Hapo ndipo ningeanzia kama ningekuwa mjumbe wa kamati ya bajeti ya bunge la Oregon au la Washington. Chuo cha umma kinachotaka fedha za jimbo, ada ya wanafunzi au mkopo kwa sababu ya ligi kiwe tayari kuwasilisha hadharani hesabu nzima: ada ya kujitoa, faini, safari za kila timu, mapato ya matangazo ambayo tayari yametiwa saini, na nani anaziba pengo yasipotimia. Futiboli isafiri kokote inakolipwa, lakini michezo mingine yote ishindane na majirani. Hakuna sheria ya maumbile inayosema mchezaji wa voliboli wa UCLA aruke karibu kilomita 4,000 hadi New Jersey siku ya shule kwa sababu timu ya futiboli ilisaini huko. Oregon na Oregon State, Washington na Washington State, wangeweza kuendelea kukutana katika michezo hiyo mingine kama walivyokutana kwa karne nzima, kwa basi. Jimbo likitoa fedha, liweke sharti hilo, na liweke pia kwamba sehemu ya haki za matangazo iliyojengwa kwa fedha hizo haiwezi kuuzwa au kuachwa bila idhini ya bodi ya umma kwenye kikao cha wazi. Ada ya wanafunzi ipigiwe kura upya kila baada ya miaka minne, na walioko chuoni ndio wapige.

Najua marais wa vyuo watasema soko haliwasubiri wabunge. Agosti 4, 2023 soko halikumsubiri mtu, ni kweli, na uamuzi ulifanyika kati ya asubuhi na jioni. Lakini tarehe zijazo zinajulikana. Mikataba ya matangazo ya Big Ten inaisha mwaka 2030, ya Big 12 mwaka 2031, na wa Pac-12 na CBS unaisha msimu wa 2030–31. Kila anayefanya kazi katika biashara hii anatarajia vyuo vianze kuhamahama tena kabla ya hapo, na Oregon State na Washington State havitakuwa tena na mfuko wa kuachiwa na wanaoondoka. Oregon na Washington hupitisha bajeti kwa miaka miwili miwili. Zimebaki mbili, ya 2027–29 na ya 2029–31, na masharti yasipoingia kwenye ile ya kwanza, ya pili itajadiliwa wakati wanunuzi wameshafika mezani.